Mita inasema 8.4, lakini sindano ya asubuhi imefika wapi?

Saa kumi na moja kasoro robo jioni, kando ya uwanja wa vumbi. Kijana mwenye kisukari aina ya 1 anajitoboa kidole, anaweka tone la damu kwenye stripu, mita inahesabu na kutoa 8.4 (milimoli kwa lita). Anafunga kipochi, anakaza kamba za viatu, anaingia kucheza. Namba ni nzuri. Iko ndani kabisa ya 7 hadi 10 wanayopendekeza wataalamu kabla ya mazoezi ya kukimbia.

Dakika ya arobaini anaanza kutoa pasi kwa wapinzani. Jasho limebadilika, la baridi. Anamjibu kocha ovyo. Akitolewa na kupimwa: 3.1.

Wenzake wanakimbilia soda, na kila mmoja anasema lilelile: "Hukula wewe."

Lakini alikula. Ubwabwa na maharage, saa saba mchana, sahani nzima.

Neno hilo "hukula" ndilo limenikaa kichwani wiki hizi. Tunalisema kana kwamba limemaliza kila kitu. Na karatasi za ushauri zinazogawiwa nazo hazimsaidii sana kijana huyu, maana zinamwambia apunguze nusu ya insulini ya mlo kabla ya mazoezi. Insulini ipi ya mlo? Yeye anachoma Mixtard, insulini mbili zilizochanganywa kwenye chupa moja, mara mbili kwa siku, na mara ya mwisho kuchoma ilikuwa saa moja asubuhi.

Ikishachomwa, imechomwa

Mtu asiye na kisukari akianza kukimbia, kongosho lake hupunguza insulini papo hapo, na ini hutoa sukari kulingana na misuli inavyokula. Hashughuliki na lolote.

Aliyechoma sindano hana nafasi hiyo. Insulini iliyolala chini ya ngozi inaendelea kuingia kwenye damu kwa ratiba yake, na tena kwa kasi zaidi, kwa sababu damu inazunguka haraka. Insulini hiyo inaibana ini lisitoe sukari ya kutosha. Wakati huohuo misuli inayofanya kazi inavuta sukari yenyewe, hata bila kuitegemea insulini. Matumizi yamepanda, mapato yamebanwa.

Si jambo jipya. R. D. Lawrence, daktari wa London ambaye mwenyewe aliishi na kisukari, aliandika mwaka 1926 katika jarida la madaktari la Uingereza kwamba mazoezi huongeza nguvu ya insulini iliyochomwa. Insulini ilikuwa na miaka michache tu tangu ianze kutumika.

Kwa hiyo swali la kwanza kando ya uwanja lisiwe "sukari ni ngapi?" peke yake. Liwe pia: insulini iliyomo mwilini saa hii ni ipi, na iko kileleni au inaisha?

Hesabu ya uniti 20

Tuchukue mtu wa kilo 60 anayechoma Mixtard 30/70: uniti 20 saa moja asubuhi na uniti 10 saa moja usiku. Ni mfano wa hesabu, si dozi ya kuiga.

Ndani ya zile 20 mna dawa mbili. Uniti 6 ni insulini angavu, ya maji. Inaanza kazi baada ya nusu saa, kilele chake ni kati ya masaa 2 na 4, na baada ya masaa 8 hivi imekwisha. Uniti 14 ni NPH, ile nyeupe. Inaanza taratibu baada ya saa moja na nusu, kilele chake ni kati ya masaa 4 na 12, kisha inafifia polepole.

Iweke kwenye saa ya ukutani. Insulini angavu inafanya kazi kwa nguvu saa tatu hadi saa tano asubuhi. Nyeupe inashika kuanzia saa tano asubuhi hadi saa moja jioni. Mechi ya saa kumi na moja imeangukia katikati ya nyeupe.

Na ule ubwabwa? Umeliwa saa saba. Hadi saa kumi na moja sehemu kubwa imeshasagwa na kutumika, ila NPH bado iko kazini. Ile 8.4 haikuwa imetulia. Ilikuwa ikishuka, na mita haina namna ya kusema hivyo. Angepima saa kumi na robo akakuta 11, kisha nusu saa baadaye 8.4, angeona mwelekeo.

Vipimo viwili vyenye nusu saa kati yake vina thamani kuliko kimoja kizuri.

Sasa hamisha mazoezi hayohayo, kukimbia kwa mwendo uleule, hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya sindano na kabla ya chai. NPH ya usiku inaelekea kufifia, insulini angavu hakuna, na homoni za alfajiri zinalisukuma ini litoe sukari. Mara nyingi sukari itashuka kidogo tu, au itapanda kidogo. Kwa anayetumia mchanganyiko, huu ndio wakati salama zaidi wa kukimbia, nami nashangaa kwamba hautajwi kwanza. Kubadili saa ya mazoezi hakuhitaji dawa mpya wala pesa.

Lakini mechi za mtaani hazichezwi alfajiri. Najua.

Kula au kupunguza?

Hapa ndipo nilipoyumba zaidi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017, ulioongozwa na Michael Riddell wa Kanada, una ngazi zinazoeleweka kwa mazoezi ya pumzi ndefu. Sukari ikiwa chini ya 5, kula gramu 10 hadi 20 za sukari ya haraka na usianze hadi ipande. Ikiwa 5 hadi 6.9, kula gramu 10 ndipo uanze. Ikiwa 7 hadi 10, anza. Ikiwa 10.1 hadi 15, anza pia. Juu ya hapo ni habari nyingine, nitaifikia.

Upande wa insulini, mwongozo unasema ile ya mlo ulio karibu na mazoezi ipunguzwe: robo kwa kutembea nusu saa, nusu kwa kukimbia wastani nusu saa, robo tatu ikiwa ni saa nzima. Hesabu hiyo inafaa kwa anayechoma insulini ya mlo na ile ya msingi, ya siku nzima, kila moja kwa sindano yake. Ukipunguza Mixtard ya asubuhi kwa nusu ili ujikinge jioni, umeinyima chai yako insulini, umekinyima na chakula cha mchana. Utaingia uwanjani na 17.

Kwa mchanganyiko, upunguzaji unaovumilika ni mdogo, tuseme asilimia 10 hadi 20 ya sindano ya asubuhi, uniti 20 kuwa 18 au 16, kwa siku unayojua mapema kwamba jioni kuna mechi, na kwa makubaliano na kliniki. Pengo linalobaki huzibwa kwa chakula. Insulini ikiwa haijapunguzwa na iko kileleni, mwili huhitaji nusu gramu hadi gramu nzima ya wanga kwa kila kilo kwa kila saa ya mazoezi. Mtu wa kilo 60 ni gramu 30 hadi 60 kwa saa.

Kwa vyakula vyetu: ndizi mbivu ya wastani ni gramu 25 hivi. Nusu ya soda ya chupa ya 300 ml, ile yenye sukari kamili, ni gramu 16. Vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyosawazishwa ni kama gramu 16 pia. Soma lebo, kwani soda nyingine siku hizi zimepunguzwa sukari, na isiyo na sukari haiokoi mtu.

Kwa hiyo yule kijana wa 8.4, akiwa na NPH kileleni, mimi ningempa ndizi kabla ya filimbi ya kwanza na nusu soda wakati wa mapumziko, bila kusubiri dalili. Mwongozo unamruhusu aanze na 8.4 yake. Unadhania tu kwamba insulini iliyomo mwilini ni kidogo.

Andazi au chokoleti visihesabiwe hapa. Mafuta huchelewesha sukari kufika kwenye damu, halafu inafika mechi ikiwa imekwisha.

Usiku ndio mechi ya pili

Mchezo umeisha saa kumi na mbili na robo, soda imenywewa, sukari ni 7.8. Watu wanaenda nyumbani.

Misuli iliyochoka inaanza kurudisha akiba yake ya sukari, na kazi hiyo huchukua usiku mzima. Watafiti walioshikilia sukari ya vijana wenye kisukari kwa dripu baada ya mazoezi ya jioni waliona mahitaji yakipanda mara mbili: wakati wa mazoezi na muda mfupi baada yake, kisha tena masaa 7 hadi 11 baadaye. Ukihesabu kuanzia saa kumi na mbili na robo, unaangukia kati ya saa saba usiku na saa kumi na moja alfajiri.

Na sindano ya jioni? Katika zile uniti 10 mna uniti 7 za NPH zilizochomwa saa moja usiku. Kilele chake kinaanza saa tano usiku na kuendelea hadi asubuhi.

Vilele viwili, saa zilezile, na mtu amelala.

Dalili za asubuhi zinafahamika: shuka zimelowa jasho, kichwa kinagonga, ndoto mbaya, na mara nyingine sukari ya asubuhi iko juu bila sababu inayoonekana. Anayelala peke yake chumbani yuko hatarini zaidi.

Baada ya mechi nzito, sindano ya jioni ndiyo ya kupunguzwa, kwa asilimia 20 hivi: 10 kuwa 8. Tofauti na asubuhi, hapa mchanganyiko hautusumbui sana, kwa sababu mlo wa baada ya mazoezi nao huhitaji insulini ndogo kuliko kawaida. Kabla ya kulala, pima. Ikiwa chini ya 7, ongeza wanga usiopungua gramu 0.4 kwa kilo. Kwa kilo 60 ni gramu 24, yaani ndizi moja au vipande viwili vya mkate, na karanga kidogo si mbaya. Mara chache za kwanza, tega kengele saa tisa usiku na upime.

Wapo watakaolalamika kwamba hivi utaamka na 11 au 12. Huenda. Nikiambiwa nichague kati ya 12 ya asubuhi na 2.6 ya saa tisa usiku, sihitaji muda wa kufikiri.

Jambo moja zaidi ambalo wachezaji hulipuuza: kushuka kwa jana hupunguza kengele za leo. Mwili uliokwisha kushuka hautoi adrenalini ya kutosha siku inayofuata, kwa hiyo kutetemeka na mapigo ya moyo huja kwa kuchelewa au hayaji kabisa. Aliyeshuka vibaya hadi kuhitaji msaada wa mtu ndani ya masaa 24 yaliyopita asicheze.

Jembe nalo ni mazoezi

Ushauri mwingi huchora mtu mwenye raba. Mwanamke anayelima kuanzia saa moja na nusu hadi saa sita mchana, baada ya kuchoma na kunywa chai, hajioni humo. Hata hivyo kazi yake ni masaa manne na nusu ya mazoezi ya wastani, juu ya kilele cha insulini angavu na mwanzo wa nyeupe. Ni mtihani mgumu kuliko mechi.

Huyu anahitaji chakula shambani kila saa, ndizi, viazi vitamu au uji, na msimu wa kilimo ukianza azungumze na kliniki kuhusu dozi ya msimu, kwa sababu mwili unaolima wiki nzima huongeza usikivu wake kwa insulini siku hadi siku. Mvua zikikatika na kazi kuisha, dozi ya zamani hurudi taratibu. Ajabu ni kwamba swali la "unafanya kazi gani, na saa ngapi?" huulizwa mara chache kuliko "umekula nini?"

Wanaofunga Ramadhani nao waijumlishe tarawehe. Rakaa nyingi za kusimama, kurukuu na kusujudu baada ya futari ni mazoezi, na miongozo ya kisukari na Ramadhani inayahesabu hivyo. Mazoezi makali ya alasiri kabla ya futari yaachwe.

Nao wenye kisukari aina ya 2 wasijione wako nje ya mjadala. Kidonge cha metformin peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenclamide, kidonge kingine cha kisukari, inaweza, na kazi yake ni ndefu.

Siku inapopanda

Kuna siku mtu anacheza na sukari inapanda. Fainali, mashabiki, mbio fupifupi za nguvu: adrenalini huliamuru ini litoe sukari kwa wingi. Akimaliza na 14, kosa ni kuchoma dozi kamili ya kurekebisha. Adrenalini itaondoka, misuli itaanza kudai, na dozi hiyo itakutana nayo njiani. Subiri, pima tena baada ya saa moja, na ukilazimika kurekebisha, nusu yatosha.

Hali ya pili inafanana nayo kwa namba lakini ni hatari. Mtu ameruka sindano, sukari ni 18, na amesikia kwamba mazoezi hushusha sukari. Hayashushi pasipo insulini. Ini linatoa sukari bila kizuizi, mwili unachoma mafuta, na ketoni, tindikali zitokanazo na mafuta hayo, zinapanda. Juu ya 15 bila sababu inayojulikana, pima ketoni kwanza. Zikiwa 1.5 au zaidi kwenye damu, hakuna mazoezi siku hiyo: ni insulini, maji, na hospitali. Huna kipimo cha ketoni, na kuna kichefuchefu, maumivu ya tumbo au pumzi nzito? Usicheze, nenda hospitali.

Adrenalini hiyohiyo inaweza kutumika kwa faida. Chuo Kikuu cha Western Australia, mwaka 2006, walionyesha kwamba mbio za nguvu zote za sekunde 10 mwishoni mwa mazoezi ya wastani ziliizuia sukari isiendelee kushuka kwa masaa mawili yaliyofuata. Kuanza na mazoezi ya uzito kabla ya kukimbia nako husaidia. Ni kinga ya muda mfupi. Haiondoi hatari ya saa nane usiku, wala haimfai aliyekwisha kushuka.

Paja, na kuzungusha chupa

Siku ya kukimbia au kuendesha baiskeli usichome pajani; tumia tumbo. Tangu 1978 inajulikana kwamba mguu unaofanya kazi huvuta insulini haraka zaidi kutoka hapo. Mwembamba abane ngozi na kuinyanyua, hasa akitumia bomba lenye sindano ndefu, kwani insulini ikiingia kwenye msuli ambao baadaye utakimbia, ratiba yote niliyoeleza juu inavurugika.

Halafu chupa. NPH ikikaa hutuama: juu maji, chini unga mweupe. Izungushe taratibu kati ya viganja, mara kumi hadi ishirini, hadi iwe nyeupe sawasawa. Usiitikise kwa nguvu. Usipofanya hivyo, uniti 20 za leo zinaweza kuwa na nyeupe kidogo na za kesho nyingi, na utakaa ukilaumu mechi.

Stripu tatu

Stripu ni ghali na wengi wanazihesabu. Ukiwa na tatu tu kwa siku ya mechi, moja iwe nusu saa kabla, moja mwisho wa mchezo, moja kabla ya kulala. Ukiwa na moja, itunze ya kulala. Wengi hufanya kinyume, huimaliza kabla ya mchezo, lakini uwanjani watu wanakuona. Wenye kihisi cha sukari kinachobandikwa mkononi wakumbuke kwamba wakati wa mazoezi namba yake huchelewa nyuma ya damu kwa dakika kadhaa: kinaposoma 5.5 na mshale unashuka, damu huenda iko 4.

Akishuka chini ya 4: gramu 15, subiri dakika 15, pima, rudia kama bado. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe soda mdomoni. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali.

Chupa mbili badala ya moja

Tatizo la mchanganyiko ni kwamba sehemu zake hazitenganishwi. Lakini insulini angavu na NPH zipo kila moja kwenye chupa yake, ni dawa za zamani, na huweza kuvutwa kwenye bomba moja. Kwa anayecheza au kulima kila wiki, hili ndilo ningeuliza kliniki kabla ya jingine lolote.

Utaratibu ni huu. Zungusha chupa nyeupe. Futa vizibo. Ingiza hewa kwenye nyeupe kwa kiasi cha uniti zake, bila kuvuta dawa. Ingiza hewa kwenye angavu, kisha vuta angavu kwanza, toa mapovu. Rudi kwenye nyeupe uvute uniti zake, polepole. Ukizidisha, usirudishe chupani, mwaga uanze upya. Angavu hutangulia ili nyeupe isije ikaingia kwenye chupa yake na kuiharibu. Chupa zote mbili ziwe za nguvu ile ile, uniti 100 kwa mililita, na bomba liwe la 100.

Kwa yule wa uniti 20 na 10, siku ya mechi sasa inapangika: asubuhi angavu 6 ibaki ilivyo kwa ajili ya chai, nyeupe 14 ishuke hadi 11; jioni angavu 3 iwe 2, nyeupe 7 iwe 5 au 6 kwa kadiri sukari ya saa tisa usiku ilivyokuwa mara ya mwisho. Namba hizo aende nazo kwa daktari zikiwa zimeandikwa pamoja na saa ya sindano, saa ya mchezo, alichokula na vipimo vyake, ili wabishane juu ya daftari.